Anainamia picha kwenye judo: nimwambie nini baba?

Mama Sumaiya, Edmonton (kwa sasa Ujiji)

Assalaam alaykum, wakubwa zangu shikamooni. Tupo Ujiji na watoto mpaka karibu na kufunguliwa kwa shule. Kuna jambo limezuka, naomba mawazo ya waliolipitia.

Sumaiya anacheza judo huko tunakoishi. Juzi alikuwa anawaonyesha binamu zake uani, na kila kabla ya kukamatana anawainamisha kwanza. Baba akamuuliza, "Mjukuu wangu, unamrukuia nani?" (yaani kuinama kama kwenye swala). Mtoto kwa uzuri wake akaeleza yote: tunainamiana sisi kwa sisi, na mwanzo wa mazoezi tunapiga magoti wote tunainamia picha ya mzee mmoja ukutani. Hapo ndipo pakawaka. Baada ya alasiri nikaitwa barazani. Baba hakupandisha sauti, ila amesema mtoto atolewe.

Mimi sitaki kumtoa. Kwenye basi la shule walikuwa wanamvuta mtandio, siku hizi hawamgusi. Kuna ambaye mtoto wake aliruhusiwa asiiname?

Baba Nuru, Malmö

Wa alaykum salaam dada. Mfikishie mzee shikamoo yangu, na usimwambie kwamba amepitwa na wakati. Swali lake lina msingi. Ipo hadithi ya Anas katika kitabu cha Tirmidhi: mtu alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama akikutana na nduguye amuinamie, akajibiwa hapana, ampe mkono, ndiyo. Mzee wa Ujiji aliyekaa na vitabu hawezi kuliacha hilo lipite.

Picha ile, kwa vyovyote, ni ya Jigoro Kano, aliyeanzisha judo Tokyo mwaka 1882. Alianzia kwenye chumba cha hekalu la Kibudha liitwalo Eishoji, ndiyo maana watu wanadhani judo ni ibada. Lakini Kano alikuwa mwalimu wa shule, baadaye akaingia Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 1909. Hekaluni alipanga nafasi tu. Hakuna anayemwomba kitu. Hata hivyo, kupiga magoti mbele ya picha ni sura ambayo sisi tunaijua kwa maana nyingine, na mtoto wa umri ule hatofautishi nia na umbo. Kwa hiyo mimi niliyafanya mambo mawili yasichanganyike: kuinamiana na mwenzako, na kuinamia ukuta.

La ukuta liliisha kwa barua pepe moja kabla ya msimu. Niliandika: binti yangu atasimama wima kimya wenzake wakiinama, hana dharau. Kocha alikubali siku hiyo hiyo. Usisubiri siku ya mazoezi umvizie mlangoni. Mbele ya wazazi wengine atajihami.

La mwenzake ni gumu kidogo kwa sababu kwenye mashindano salamu ile ni kanuni. Marekani wapo wacheza judo walioshtaki kwamba kulazimishwa kuinama kunagusa imani yao, na mwaka 2002 mahakama ya Seattle ikawakatalia. Kwa hiyo klabuni mtaelewana, uwanjani msitegemee. Wangu anaitikia kwa kichwa tu, mkono kifuani. Mazoezini hakuna anayemuuliza.

Mtandio nao uulizie mapema. Mkikumbuka Olimpiki ya London 2012, binti wa Saudi Arabia, Wojdan Shaherkani, nusura azuiwe. Hoja ilikuwa usalama, maana judo ina kukabana shingo. Mwisho aliruhusiwa na kofia iliyobana kichwa. Nunua ya namna hiyo, bila pini.

Na usimfiche mzee sababu ya kuchagua judo badala ya ndondi au karate: hapigwi mtu usoni, na uso tumekatazwa kuupiga. Kuna na Rukana, bingwa wa mieleka aliyeangushwa na Mtume mwenyewe. Ungekuwa umempeleka aikido ningekuwa upande wa baba yako, maana Ueshiba aliyeianzisha alikuwa mfuasi wa dini ya Omoto, na kumbi nyingine zina kijumba cha Kishinto kabisa, watu wanakipigia makofi.

Mjomba wa Katubuka, Houston

Mtoe. Kuna kuogelea.

Kaka wa Kasulu, Leeds

Mjomba, na suala la nguo za kuogelea utalimaliza wewe?

Mimi ni Mkristo, ila kwetu nako moto ni ule ule. Mchungaji wangu anasema karate ina mapepo, hasa pale wanapofumba macho kimya kabla ya kuanza. Nilimsomea 2 Wafalme 5, jemadari Naamani akiomba asamehewe atakapoinama katika nyumba ya mungu Rimoni kwa sababu bwana wake anauegemea mkono wake, na nabii Elisha akamjibu aende kwa amani. Alikasirika, lakini hakunijibu. Kule kwetu binti anapiga goti akimpokea mkwe, na sijasikia mtu akisema anamwabudu mkwe. Mwanangu wakati wa kufumba macho anasali Baba Yetu. Inatosha kabisa, huwa inaisha kabla kocha hajasema fumbueni.

Mama Sumaiya

Ahsanteni sana. Jana nilisubiri baba amalize kula migebuka yake ndipo nikaanza. Nilipofika kwa Rukana aliichukua hadithi mdomoni mwangu akaimalizia mwenyewe, na kondoo waliowekeana dau juu yake. Kumbe anaijua kuliko sisi sote.

Uamuzi wake: picha, hapana, hata kwa mzaha. Mwenzake ampe mkono, na pale kanuni inapobana aitikie kwa kichwa bila kuvunja mgongo. Akibaleghe asishikane na wavulana, hilo hataki mjadala. La Naamani alicheka, akasema Mkristo huyo wa Kasulu ana akili.

Nimemwandikia kocha kwa mtindo wa Baba Nuru. Amejibu kwamba kusimama wima sawa, na kwenye jaribio la mkanda ujao atampa msichana wa kufanya naye. Kuhusu mashindano ya jimbo atauliza.

Sasa, aliyenunua ile kofia ya kubana: ipi haitoki kichwani wakivutana? Na kuna mwenye judogi (nguo ya judo) ya sentimita 140 iliyokwisha kazi kwake? Ya Sumaiya mikono imeshafika kwenye viwiko.