Kaisari ana jeshi, ana hazina: Seneti ya nini tena?

Mpekuzi

Wakuu, heshima kwenu. Nimekuwa nikisoma habari za Roma na kuna jambo linanikwama. Kila ninaposoma naambiwa jamhuri ilikufa Augustus aliposhika madaraka. Sawa, imekufa. Lakini nikisonga mbele naikuta Seneti, lile baraza la wazee wa Roma, inakutana vilevile, makonsuli (wakuu wa serikali) wapya kila mwaka, watu wanagombea vyeo kama vile hakuna kilichotokea. Tiberius yupo, Seneti ipo. Nero yupo, Seneti ipo. Kama jeshi na hazina viko kwa mtu mmoja, si angewafungia mlango tu wale wazee wakalime mashamba yao?

La pili: mkulima wa mkoani, mtu wa chini kabisa, Kaisari alimhusu nini? Naomba msinimwagie majina mengi, nitapotea.

Kibatari

Jibu fupi ni hili: pambo. Julius Caesar hakutaka kujificha, akakubali kuwa dikteta wa maisha, na tarehe 15 Machi mwaka 44 KK maseneta wakammaliza kwa visu. Mrithi wake, Augustus, akaliona somo. Shika kila kitu, ila usijiite mfalme, na wazee waache waendelee kukaa kwenye viti vyao. Augustus alifia kitandani mwaka 14 BK, akikaribia miaka 76. Mengine yote ni porojo.

Karani Mstaafu

Kibatari kagusa penyewe, ila neno "pambo" linaacha mengi nje. Mimi nimezeekea masjala. Kazi yangu ilikuwa kupokea barua, kufungua majalada na kumkumbusha mkubwa kwamba hili bado hujalijibu. Kwa hiyo Roma naisoma kikarani. Nani kavaa zambarau ya Kaisari halinishughulishi sana; natazama barua ilipita kwa nani na ikarudi na jibu gani.

Mwaka 27 KK Augustus alisimama mbele ya Seneti akasema anaikabidhi dola mikononi mwao. Wao wakambembeleza abaki walau na mikoa yenye matata. Na mikoa yenye matata, ajabu, ndiyo iliyokuwa na majeshi mengi: Hispania, Galia, Syria. Wao wakabaki na mikoa iliyotulia. Misri aliiweka kando kabisa, akampa msimamizi asiye seneta, na seneta hakuruhusiwa kukanyaga huko bila kibali chake. Ngano ya Misri ilikuwa ikilisha Roma, na mwenye kuishika Misri aliweza kuushika mji mkuu kwa njaa.

Sasa jiulize, huko Syria anapelekwa nani? Kaisari hakuwa na jeshi la watumishi wa umma. Watu waliozoea kusikiliza kesi, kuongoza lejioni (vikosi vikubwa vya jeshi) na kukagua hesabu za miji walikuwa haohao maseneta, waliopanda cheo kwa cheo tangu ujanani. Angeifunga Seneti asingepata maliwali. Ndiyo maana vyeo viligombewa kwa ukali uleule: ukonsuli haukukupa tena nchi, lakini ulikufungulia mkoa mkubwa.

Halafu kuna suala la hati. Vespasian alishinda vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 69, mwaka ambao Roma ilipata makaisari wanne. Ana majeshi nyuma yake, wapinzani wake wamekufa. Bado Seneti ikampitishia sheria inayotaja madaraka yake kipengele kwa kipengele: kufanya mikataba, kuitisha Seneti, na kimoja kinachosema, kwa kifupi, afanye lolote atakaloona lina faida kwa dola. Kipande cha bamba la shaba lenye sheria hiyo kipo Roma mpaka leo, kwenye makumbusho ya Capitolini. Mtu aliyeingia kwa upanga alitaka karatasi zake ziwe sawa! Mimi hapo nacheka peke yangu.

Na ukitaka kuiona serikali yenyewe ikitoa jasho, tafuta barua za Plinius Mdogo. Kaisari Trajan alimtuma awe liwali wa Bithynia, kaskazini mwa Uturuki ya leo, mnamo mwaka 110. Anafika, anakuta mji wa Nicomedia umetumia sesterti (sarafu za Roma) 3,318,000 kwenye mfereji wa maji ambao haukumalizika. Mshahara wa askari wa lejioni wakati huo ulikuwa sesterti 1,200 kwa mwaka, kwa hiyo hapo imezama mishahara ya askari zaidi ya 2,700. Kisha moto unaunguza mji huohuo. Plinius analalamika kwamba watu walisimama kutazama, hapakuwa na pampu wala ndoo. Anaomba ruhusa ya kuunda kikosi cha zimamoto cha mafundi 150, na anaahidi kuwachuja mwenyewe. Trajan anakataa. Wape vifaa, anasema, wenye nyumba wazime wenyewe. Watu wakiundiwa chama, kwa jina lolote lile, muda si mrefu kinageuka cha siasa.

Liwali mzima, seneta aliyewahi kuwa konsuli, anaomba kibali cha watu 150 na ananyimwa. Mkulima nitamrudia baadaye, macho yamechoka.

Mpekuzi

Mzee Karani, shikamoo, na asante. Hilo la zimamoto limenishangaza. Yaani bora mji uungue kuliko watu wakae kikao? Nasubiri la mkulima.

Kibatari

Mzee, unawapamba. Hizo barua nzuri ni za Trajan, mtu mwenye akili timamu. Hebu tuje kwa Kaisari Commodus. Mwaka 192 kashuka uwanjani mwenyewe kupigana kama gladieta. Siku moja kamkata mbuni kichwa, akawaendea maseneta waliokaa kutazama, kichwa mkono wa kushoto, upanga wenye damu mkono wa kulia, anatikisa kichwa chake huku anatabasamu, hasemi neno. Cassius Dio, mwandishi wa historia, alikuwepo, naye ni seneta. Anasimulia kwamba kicheko kilimbana, na kucheka kungekuwa kifo, basi akang'oa majani kwenye taji lake akayatafuna, akawahimiza na wenzake watafune. Hiyo ndiyo Seneti yenu: wazee wanatafuna majani wasije wakachinjwa kwa kucheka. Masjala iko wapi hapo?

Karani Mstaafu

Marahaba, Mpekuzi. Kibatari, umenirahisishia, maana mkulima ninayetaka kumleta aliandika barua yake kwa huyohuyo Commodus.

Tunisia ya leo, bonde la mto Medjerda, kulikuwa na shamba kubwa la Kaisari. Mtu tajiri alilikodi, na wakulima wadogo walilima vipande vyao ndani yake, wakitoa sehemu ya mavuno pamoja na siku sita za kazi kwa mwaka: mbili za kulima, mbili za kupalilia, mbili za kuvuna. Hiyo ilikuwa kanuni ya tangu Hadrian, Kaisari wa zamani. Tajiri akaanza kudai zaidi. Wakulima wakamlalamikia msimamizi wa mashamba ya Kaisari, naye akaleta askari: wengine wakakamatwa, wengine wakafungwa kamba, wengine wakachapwa fimbo, wakiwemo raia wa Roma ambao kisheria hawakupaswa kuguswa. Kwenye ombi lao wakaeleza kwamba wao ni maskini wanaoishi kwa nguvu za mikono yao, hawamwezi mtu anayefahamiana na wasimamizi wote na anayejua kugawa zawadi.

Miaka ya mwanzo ya 180 jibu likaja kwa jina la Commodus: siku ni mara tatu mbili, isizidi. Wakalichonga kwenye jiwe. Na hapa karani anatokwa machozi: walichonga kila kitu, hadi yale maneno ya mwisho ya ofisini. Baada ya uamuzi jiwe linaandika "na kwa mwandiko mwingine: nimeandika, nimehakiki." Ile saini ya chini ya barua, ambayo sisi tuliipita bila kuitazama, wao waliigongea nyundo. Jiwe linasimama shambani kwako, wa kukudai siku ya saba atasoma mwenyewe.

Sisemi Commodus alikuwa mwema. Inawezekana kabisa barua ile ilimpita kama upepo. Ila palikuwa na ofisi iliyopokea, iliyotafuta kanuni ya Hadrian na iliyojibu, bwana akiwa anachinja mbuni au hachinji. Kwa mkulima yule Seneti haikuwepo kabisa. Walikuwepo tajiri, msimamizi na askari, na juu yao jina moja la kulalamikia.

Mpekuzi

Sasa naanza kuelewa. Lakini siku Kaisari hayupo, nani aliamua?

Kibatari

Walinzi wake! Machi 193 walimuua Kaisari Pertinax, aliyekaa siku 87 tu, wakakiuza kiti kwa mnada kambini kwao. Mmoja yuko ndani ya kambi, kafika sesterti 20,000 kwa kila askari. Didius Julianus yuko nje ya ukuta, kapandisha elfu tano kwa mkupuo, anapiga kelele na kuonyesha kwa vidole. Akashinda.

Karani Mstaafu

Kweli tupu. Lakini ona alichofanya Julianus baada ya kushinda mnada: jioni ileile alikwenda Seneti. Dio anasema maseneta waliona kujifungia nyumbani kutawatia mashakani, kwa hiyo wakaoga, wakala chakula cha usiku, wakapenya katikati ya askari hadi ukumbini, wakamsikiliza akijisifu, wakampitisha. Siku 66 baadaye, jenerali Septimius Severus anakaribia na majeshi yake kutoka mto Danube, Seneti hiyohiyo ikamhukumu Julianus kifo na kumtangaza Severus kuwa Kaisari. Severus alipofika aliwavua silaha walinzi wa mnada na kuwafukuza mjini. Seneti hakuifunga.