Mkono wa friji umekatika, duka linataka ninunue mlango mzima. Huu si wizi?

Wakuu salaam. Nipo Mbeya, nina hasira, na naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjaanza kunishambulia.

Friji langu ni la milango miwili, friza juu. Linagandisha vizuri, halipigi kelele, gesi haijawahi kuongezwa. Kilichokatika ni mkono wa mlango wa chini. Mkono! Kipande cha plastiki kinachoshikwa na skrubu mbili. Ulipasuka pale kwenye tundu la skrubu ya juu, ukawa unaning'inia upande mmoja, mtoto akauvuta na upande wa pili ukaachia.

Nikarudi duka lile lile nililonunulia. Siku ya kununua nilipewa kiti na soda, kijana akaniapia, "Mama, vipuri vyote vipo, mpaka raba ya mlango tunayo." Safari hii hata kiti sikukiona. Kijana yule yule akatazama picha kwenye simu yangu, akasema, "Mama, mkono peke yake hauji. Unakuja na mlango." Mlango bei gani? Laki tatu na themanini. Tena uagizwe Dar, nilipe nusu kwanza, na lini utafika hawajui. Nikamuuliza waranti. Akageuza karatasi, akanionyesha kwa kidole: inahusu kompresa tu. Plastiki, raba, taa na vioo havimo, na hayo yameandikwa kwa herufi za ukubwa wa sisimizi. Kisha akanipa ushauri wa bure: "Si unaweza kufungua kwa kushika pembeni tu?"

Haya, tuizungumzie hiyo pembeni. Mlango wa friji ukiufunga, hewa ya joto iliyoingia ndani inapoa na kusinyaa, na kwa muda mfupi mlango unajivuta kwa ndani. Ukitaka kuufungua tena hapo hapo lazima utumie nguvu. Bila mkono, vidole vinaenda kwenye raba. Raba ile ina sumaku ndani yake na imechomekwa tu kwenye mfereji. Ukiivuta kila siku inachomoka, inapinda, mwisho inachanika. Ikishachanika baridi inatoka, kompresa haipumziki, na LUKU unaiona inavyokimbia. Kwa hiyo kijana ananishauri niue raba ili baadaye aniuzie na raba. Au na yenyewe itakuja na mlango?

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Upande wa pili wa mlango wangu kuna matundu mengine yamezibwa kwa vifuniko vidogo vya plastiki. Yapo kwa sababu mlango huo unaweza kugeuzwa ufungukie kushoto au kulia, na mkono unafunguliwa na kuhamishiwa upande huo. Yaani kiwanda chenyewe kimeutengeneza mkono uwe kitu cha kutoka na kurudi. Sasa hiyo "hauji peke yake" imetungiwa wapi, kiwandani au hapo kaunta?

Basi nikaenda Mwanjelwa kutafuta fundi, maana pale hukosi fundi wa kitu chochote. Nikapata mzee mmoja, kaja nyumbani na drili begani. Kipande cha mkono kilichobaki kilikuwa bado kimeshika, na skrubu yake imefichwa chini ya kifuniko, unakibandua taratibu kwa ncha ya kisu. Nikamwambia, "Fundi, hapo kuna kifuniko, skrubu ipo chini yake." Akanijibu, "Mama, mimi friji nimeanza wewe hujaolewa." Akaingiza bisibisi, akakandamiza, kah! Kifuniko vipande viwili, rangi imechubuka mpaka bati linaonekana. Halafu bila kuuliza mtu akatoboa matundu mapya mawili juu kidogo ya yale ya kiwandani, akafunga mkono wa kabati la nguo. Wa rangi ya dhahabu!

Nao haukukaa. Utakaaje? Mlango wa friji ni bati jembamba kwa nje na sponji ngumu ya njano ndani. Penye matundu ya kiwandani kuna kipande kigumu kimewekwa nyuma ya bati, ndicho kinachong'ang'ania skrubu. Ukitoboa pengine popote skrubu inashika bati peke yake, ukivuta kidogo inakula tundu. Sasa nina matundu mawili yaliyopanuka, unyevu unaingia, na kutu imeshaanza kutambaa pembeni mwake.

Nikamwita tena. Mnajua suluhisho lake? Komeo! Atoboe ubavu wa friji afunge komeo, kama la choo cha nje. Hapo nilipiga kelele mpaka jirani akatoka. Ubavu wa friji langu ukiugusa una joto, kwa sababu mabomba ya gesi yamepita humo humo nyuma ya bati, hayako wazi mgongoni kama ya mafriji ya zamani. Drili ikigusa bomba moja, friji limekufa. Na langu kibandiko kinasema R600a, gesi inayoshika moto. Mtu anataka kuitoboa jikoni kwangu, na jiko linawaka!

Najua kuna mjuaji anakuja kuandika kwamba Mbeya friji la nini, Julai weka sufuria dirishani. Njoo Uyole saa saba mchana mwezi wa kumi na maziwa yako dirishani, halafu samaki wako mbasa kutoka Kyela umsubirishe mpaka kesho, tuone.

Turudi kwenye maduka. Hizi kampuni za friji si kwamba haziwezi kuuza mkono peke yake. Umoja wa Ulaya una kanuni inayofanya kazi tangu Machi 2021: friji la nyumbani likiuzwa kule, vipuri lazima vipatikane, na mkono wa mlango umetajwa kabisa. Angalau miaka 7 baada ya modeli hiyo kuacha kuingizwa sokoni, raba miaka 10, na ukiagiza vinatumwa ndani ya siku 15 za kazi. Tena si kwa mafundi pekee, hata mwenye friji anaruhusiwa kuagiza mwenyewe. Majina ya friji wanayotumia wenzetu mengi ndiyo haya haya yaliyopangwa madukani kwetu. Kule wanauziwa mkono, sisi tunauziwa mlango.

Na msiniambie hapa kwetu hakuna sheria. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mnunuzi, na Tume ya Ushindani ipo kwa kazi hiyo. Kuniapia kwamba vipuri vyote vipo ili nitoe hela, halafu havipo, kunaitwaje? Risiti ninayo, karatasi ya waranti ninayo. Aliyewahi kupeleka malalamiko pale Tume akiwa mkoani aniambie anaanzia wapi, maana Dar siendi kwa ajili ya plastiki.

Mlango sinunui. Mwenye friji bovu la milango miwili, Mbeya, Tunduma, Makambako, hata Iringa, aniangalizie mkono wa mlango wa chini. Rangi ya fedha, umenyooka, kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine ni sentimita 16. Pima kwa rula, usikadirie kwa macho. Nauli ya kifurushi nalipa mimi.