Masta ao doktora ya tabia na sauti za wanyama, mtu wa Bukavu aanzie wapi?

Mwana_Kadutu: Jambo bakubwa. Nilimaliza lisansi ya biolojia hapa Bukavu, memwari yangu ilikuwa juu ya namna sokwe wa kituo cha Lwiro wanaitana wakati wa kula. Sasa nataka kuendelea na mambo ya mawasiliano ya wanyama lakini nyumbani kila mtu ananiambia nifanye afya ya jamii, eti huko ndiko kuna makuta. Kuna wenye walipita iyo njia? Kingereza changu ni cha kubahatisha.

Papa_Nyawera: Mdogo wangu, wanafunzi wa Ulaya wanalipa ndege kuja kutafuta kitu chenye wewe unafikia na teksi. Angalia univasite ya Kyoto, Japani, kwanza. Wajapani wako Wamba kwa bonobo na Kahuzi kwa gorila tangu miaka ya 1970, Yamagiwa mwenye alifuata gorila za Kahuzi alikuja kuongoza ile univasite nzima, na Basabose, mtafiti wetu wa huku, alichukua doktora kulekule. Ufadhili wa serikali ya Japani unalipa masomo, tiketi na pesa ya mwezi, ila umri usifike 35.

Yaya_Katuba: Niko Lushi (Lubumbashi), naongeza tu. Usiandikie profesa "naomba msaada wa masomo", anapata za vile kila siku anafuta. Mpelekee swali. Mfano mwaka 2021 walionyesha kwa gorila wa milimani, Rwanda, kwamba dume mkubwa akipiga kifua mlio unakuwa mzito kuliko wa mdogo, sasa wewe uliza je na hawa wa Kahuzi? Hapo profesa anakaa sawa kwenye kiti. Univasite ya Zurich, Uswisi, nako wako na bonobo wa Kokolopori, huku Kongo, wanaangalia namna wanaunganisha milio ili kupata maana mpya. Na Max Planck ya Konstanz, taasisi ya utafiti wa tabia za wanyama kule Ujerumani, lakini yote hayo ni Kingereza, usijidanganye.

Mwana_Kadutu: Asante yaya. Sauti niko nazo ila nilirekodi na simu, upepo mingi na walinzi wanaongea nyuma 😅 zinafaa?

Papa_Nyawera: Za kujifunzia ndiyo, weka kwenye Raven Lite, programu ya kompyuta ya bure yenye inachora sauti, uanze kuzoea kusoma mlio kwa macho. Za kuchapisha hapana. Azima rekoda ya kweli, omba ruhusa Lwiro, na kila mlio uandike saa, ni sokwe gani, alikuwa anafanya nini, nani alikuwa karibu, na wenzake walifanya nini kisha mlio. Bila iyo ni makelele tu. Halafu promota wako, profesa mwenye alisimamia memwari, muombe barua ya mapendekezo sasa hivi, hawa wakisafiri Kinshasa kuwapata ni kazi.