Nimelipia matofali, nikauziwa matope (Ruai)

Wadau, leo niacheni niseme maana nimevumilia vya kutosha.

Nilipatana na jamaa mwenye mashine ya mkono anifyatulie matofali ya udongo, yale ya kufungamana. Murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, na simiti juu yangu, kazi yake. Juzi mvua imepiga usiku mmoja tu, asubuhi nakuta safu ya chini imemeguka kingo zote. Nikatia tofali moja kwenye ndoo ya maji, nikaenda kunywa chai. Kurudi, uji. Uji jamani!

Nampigia, ananijibu ati simiti niliyonunua ilikuwa kidogo. Kidogo wapi? Risiti ninazo, na siku mbili nilikuwa palepale nikitazama. Saa mbili asubuhi wanachanganya mifuko mitatu kwa mpigo, wanatia maji, halafu wanafyatua kutoka rundo hilohilo mpaka saa tisa mchana! Simiti ikishaonja maji haimngoji mtu. Ikikaa muda wa saa moja hivi imeanza kushika, ukiivuruga tena umeiua. Rundo likikaushwa na jua, kijana anaongeza jagi la maji, anakoroga, kazi inaendelea.

Na kupima unyevu ni bure kabisa! Finya donge mkononi, liachie kutoka usawa wa bega lianguke pagumu. Likivunjika vipande vinne, vitano, endelea. Likitawanyika, maji ni haba na udongo hautashindilika. Likibaki donge moja, yamezidi, na yakishakauka yanaacha vitundu ndani ya tofali. Hakuna aliyefinya chochote.

Halafu murram ilipopungua wakachota ule udongo mweusi wa hapahapa, unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Ule unataka chokaa kwanza, tena kwa subira, maana chokaa hukomaa polepole kuliko simiti. "Ni kidogo tu bosi." Haya.

Matofali yenyewe yakaanikwa juani siku ileile, bila nailoni, bila tone la maji. Eti yakauke haraka. Yalitakiwa kufunikwa yakiwa na unyevu angalau wiki nzima, na kungoja siku 28 kabla ya kujengea.

Sasa anadai salio. Salio! Nimemwambia aje na ndoo yake, achague tofali lolote katika yale 1,400. Likilala majini mpaka asubuhi bila kumeguka, namlipa papo hapo. Tangu Jumatano hapokei simu.