Kompyuta 38 ofisini Mwanza zinamaliza bando kwa masasisho ya Linux: niweke nakala kamili ya hazina au kache?

Seva_Nyegezi

Wakuu, habari za kazi.

Ofisi iko Nyegezi. Kuna kompyuta 26 za Ubuntu 24.04 na 12 za Debian 12, zote amd64, nyuma ya ruta ya 4G yenye bando la mwezi. Likitoka sasisho la keneli au LibreOffice, kila mashine inalipakua peke yake na asubuhi mtandao unalala kabisa. Seva iliyopo ni Debian 12, RAM GB 8, diski TB 1, anwani 192.168.10.5.

Naomba msaada kwa haya:

1. Nivute nakala kamili ya hazina (repository) za Debian na Ubuntu, au nitumie `apt-cacher-ng` (kache inayotunza pakeji zilizokwisha pakuliwa ili mashine nyingine zizichote ndani)?
2. Mashine ya majaribio ilipopitia kache, baada ya umeme kukatika ilianza kutoa `Hash Sum mismatch`. Tatizo ni diski?
3. Tawi la Nansio, kisiwani Ukerewe, lina kompyuta 5 za Debian 12, na intaneti ya huko haitoshi kwa masasisho. Nizisasishe vipi?

fundi_Kirumba

Nakala kamili usiiguse. Hazina ya Debian kwa amd64 peke yake ni mamia ya gigabaiti, ukiongeza Ubuntu TB 1 yako inakwisha, na sehemu kubwa ya ulichovuta hakuna mtu ofisini atakayekiomba hata siku moja. Nakala kamili ina maana kwa chuo au mtoa huduma mwenye faiba. Kwa bando la 4G kache ndiyo jibu, kwa kuwa pakeji inashuka mara moja tu, pale mashine ya kwanza inapoiomba. Tuseme masasisho ya mwezi ni MB 300 kwa mashine. Kwa mashine 38 ni zaidi ya GB 11. Kwa kache utalipia MB 300 za Ubuntu na kama hizo za Debian, kwa sababu pakeji za mifumo hiyo miwili hazichangamani.

Kwenye seva:

```
sudo apt install apt-cacher-ng
sudo ufw allow from 192.168.10.0/24 to any port 3142 proto tcp
```

Kache inakaa `/var/cache/apt-cacher-ng`. Itengee patisheni yake, GB 60 zinatosha. Usiiache ndani ya `/var` moja na vitu vingine, maana ikijaa, logi na hifadhidata zinakwama pamoja nayo. Weka pia nywila ya msimamizi kwenye `/etc/apt-cacher-ng/security.conf`, mstari wa `AdminAuth`.

Kwenye kila kompyuta, faili `/etc/apt/apt.conf.d/00proksi`:

```
Acquire::http::Proxy "http://192.168.10.5:3142";
Acquire::https::Proxy "DIRECT";
```

Mstari wa pili wengi huusahau. Usipouweka, apt (programu inayosakinisha pakeji) hutumia proksi ileile kwa hazina za https, na kache hukataa kwa `403 CONNECT denied`. Hapo mtu anaanza kulaumu ruta.

Halafu fungua `http://192.168.10.5:3142/acng-report.html`. Utaona ni kiasi gani kimetoka kwenye kache na kiasi gani kimetoka nje.

DadaWaRaki

Naongeza kwa aliyosema fundi, kwa sababu kwenye ofisi yenye Ubuntu nyingi hiyo ni nusu ya kazi.

Firefox ya Ubuntu 24.04 ni snap (pakeji ya duka la Ubuntu), na snap haipiti kwenye apt. Hata ukiweka kache nzuri namna gani, mashine 26 zitaendelea kuvuta Firefox na snap zake za msingi moja kwa moja kutoka nje. Kwa kawaida snapd, huduma inayosimamia snap, huangalia masasisho mara nne kwa siku. Zuia kwanza:

```
sudo snap refresh --hold
```

Kisha panga siku moja ya wiki, mashine moja ipakue:

```
snap download firefox
```

Utapata faili mbili, ya `.snap` na ya `.assert`. Zisambaze kwa mtandao wa ndani, na kwenye kila mashine:

```
sudo snap ack firefox_*.assert
sudo snap install firefox_*.snap
```

Usiruke `snap ack`. Ndiyo inayoleta sahihi, na bila sahihi snapd itagoma. Kuna njia ya kulazimisha kwa `--dangerous`, lakini ukiitumia mashine haitaitambua tena snap hiyo kuwa ya dukani na masasisho yatakatika. Tafadhali siku hiyo ya wiki iheshimiwe. Kivinjari ndicho kinachokutana na kila uchafu wa mtandao, na ukikizuia bila ratiba umewaacha watumiaji wazi.

La pili ni muda. Saa zetu na saa za systemd (kinachoendesha huduma na vipima muda vya Linux) zinachanganya. `apt-daily-upgrade.timer` imewekwa 6:00, yaani saa 12 asubuhi. Mashine iliyozimwa usiku haijasamehewa, kwa sababu kipima muda kina `Persistent=true`, kwa hiyo kazi inafanyika ikishawashwa. Ndiyo maana mtandao wako unalala asubuhi watu wanapoingia. Kama bando lako lina nafuu usiku, acha mashine moja ya Ubuntu na moja ya Debian zikiwaka (hata mashine pepe ndani ya seva), na uziwekee kazi ya saa 7 na nusu usiku. Kwa systemd hiyo ni `01:30`, si `07:30`:

```
apt-get update && apt-get -d -y dist-upgrade
```

Alama ya `-d` inapakua bila kusakinisha. Kache inajaa usiku, asubuhi wengine wanachota ndani. Ila mashine hiyo lazima iwe na pakeji zilezile walizo nazo watumiaji, la sivyo itavuta yake tu. Hakikisha pia `timedatectl` inaonyesha Africa/Dar_es_Salaam. Seva ikiwa kwenye UTC, 01:30 yako ni saa 10 na nusu alfajiri.

mwaloni443

Swali la pili. Ukiona `Hash Sum mismatch` baada ya umeme kukatika, usikimbilie kununua diski. Apt inakagua kwa mnyororo: sahihi ya faili `InRelease`, ndani yake kuna hashi (namba zinazotokana na maudhui ya faili) za orodha za pakeji, na ndani ya orodha kuna hashi ya kila `.deb`. Umeme ukikatika kache ikiwa katikati ya kuandika, faili moja inabaki nusu au tupu, na mnyororo unakatika hapo. Kwa hiyo hilo kosa ni kinga inayofanya kazi yake. Ndiyo pia sababu http ya kawaida inakubalika kwa hazina hizi: atakayebadilisha pakeji njiani atakamatwa na hashi.

Kusafisha bila kupoteza `.deb` ulizokwisha lipia bando:

```
sudo systemctl stop apt-cacher-ng
sudo find /var/cache/apt-cacher-ng -path '*/dists/*' -type f -delete
sudo find /var/cache/apt-cacher-ng -name '*.deb' -size 0 -print
sudo systemctl start apt-cacher-ng
```

Amri ya pili inafuta orodha tu, nazo zitavutwa upya. Ya tatu inakuonyesha pakeji tupu. Zifute pamoja na faili ya `.head` iliyo pembeni ya kila moja. Kwenye kompyuta ya mtumiaji futa `/var/lib/apt/lists/*`, kisha `apt update`. Kosa likirudi kwenye pakeji ileile, nenda kwenye ukurasa wa ripoti uanzishe ukaguzi ule wa polepole unaopiga hashi ya maudhui ya kila faili.

Tofautisha na hili: `Release file is not valid yet`. Hapo kache haina kosa, ni saa ya mashine iliyorudi nyuma. Kompyuta nyingi za zamani betri yake ya CR2032 imekufa, umeme ukikatika zinaamka na tarehe ya miaka iliyopita. Badilisha betri na usakinishe `chrony`, inayosahihisha saa kwa mtandao. Kwenye `/etc/chrony/chrony.conf` acha mstari `makestep 1 3`, ili saa irushwe mara moja badala ya kusogezwa polepole.

Na dpkg ikikatwa katikati ya kusakinisha, ni `sudo dpkg --configure -a`, kisha `sudo apt --fix-broken install`. Usifute faili za kufuli kwa mkono kabla ya kuhakikisha kwa `ps` kwamba hakuna apt inayoendelea.

igoma_eth0

Mkuu mwaloni amefundisha kuosha, mimi nazungumzia kuziba tundu. Seva ya kache bila UPS (kifaa cha betri ya akiba) inayoongea nayo itakurudisha hapa kila wiki. UPS peke yake haitoshi. Betri ya 12V 7Ah ikiisha, seva inazimika vilevile, umechelewesha tu.

Unganisha waya wa USB na usakinishe NUT, programu inayosoma hali ya UPS:

```
sudo apt install nut
sudo nut-scanner -U
```

UPS nyingi za bei nafuu zinazouzwa mjini zinakubali dereva `nutdrv_qx`, na nyingine `usbhid-ups`. Kwenye `/etc/nut/ups.conf`:

```
[ofisi]
driver = nutdrv_qx
port = auto
```

Weka `MODE=standalone` kwenye `/etc/nut/nut.conf`, mtumiaji kwenye `upsd.users`, na mstari wa `MONITOR` kwenye `upsmon.conf`. Kisha jaribu `upsc ofisi`. Ukiona `ups.status: OL` umeme upo, `OB` ni betri.

UPS za bei nafuu husema asilimia 100, halafu ghafla `LB`, halafu giza. Usisubiri iseme betri imepungua. Tumia `upssched`, kipima muda cha NUT: ikikaa kwenye betri sekunde 300, hati yako iite `upsmon -c fsd` na seva ijizime kwa heshima:

```
AT ONBATT * START-TIMER zima 300
AT ONLINE * CANCEL-TIMER zima
```

Kwenye BIOS weka mashine ijiwashe umeme ukirudi, na hakikisha `POWERDOWNFLAG` ipo kwenye `upsmon.conf`. Kuna mtego hapa. Umeme ukirudi seva ikiwa imeshajizima lakini UPS haijakata, BIOS haioni umeme umekatika, kwa hiyo seva inabaki imezima hadi mtu abonyeze. Alama hiyo ndiyo inayoifanya NUT iiambie UPS ikate na kurudisha.

Kama chumba cha seva kina dirisha upande wa ziwa, zima taa usiku. Wale wadudu wadogo wanaopanda ziwani kama moshi hufuata mwanga na kujazana kwenye feni za seva na za UPS.

Seva_Nyegezi

Asanteni sana wakuu, nawe dada. Mawili yamebaki. Baadhi ya mashine ni laptopu, watu wanaenda nazo nyumbani Buzuruga na kwingineko, na huko apt itagonga proksi isiyokuwepo. Na Nansio bado.

fundi_Kirumba

Laptopu: futa mstari wa `Acquire::http::Proxy` na uweke huu mahali pake:

```
Acquire::http::Proxy-Auto-Detect "/usr/local/bin/tafuta-proksi";
```

Hati yenyewe, ipe ruhusa 755, na `netcat-openbsd` iwepo:

```
#!/bin/sh
if nc -z -w1 192.168.10.5 3142; then
  echo http://192.168.10.5:3142
else
  echo DIRECT
fi
```

Ikiwa ofisini inapita kwenye kache, ikiwa nje inakwenda moja kwa moja.

DadaWaRaki

Nansio: kuna `apt-offline`, na ni chombo kizuri kwa mashine moja. Unatengeneza faili ya sahihi kule, unapakua huku, unarudisha. Shida ni kwamba orodha ya vinavyohitaji kusasishwa inatokana na orodha za zamani zilizoko kwenye mashine, kwa hiyo unahitaji safari mbili: ya kwanza ya `--update`, ya pili ya `--upgrade`. Kwa kivuko cha Ukerewe na kompyuta 5, hapana.

Kwa kuwa zote ni Debian 12 amd64 kama zile za Nyegezi, ibebe kache yenyewe. Laptopu yenye `apt-cacher-ng`, simamisha huduma, kisha siku ya safari asubuhi, baada tu ya mashine ya usiku kumaliza kupakua:

```
sudo rsync -a --delete 192.168.10.5:/var/cache/apt-cacher-ng/ /var/cache/apt-cacher-ng/
sudo chown -R apt-cacher-ng:apt-cacher-ng /var/cache/apt-cacher-ng
```

Kwenye `acng.conf` ya laptopu weka `Offlinemode: 1` na uwashe huduma. Fika Nansio, chomeka kwenye swichi, elekeza mashine 5 kwenye anwani ya laptopu, `apt update`, `apt upgrade`. `sources.list` za kule ziwe sawa neno kwa neno na za Nyegezi. Tofauti ya jina la hazina inatosha kache kusema haina.

Pakeji iliyoko Nansio tu haitakuwemo. Linganisha kwanza kwa `dpkg --get-selections`, na zile za ziada zisakinishe kwenye mashine ya usiku.

mwaloni443

Dada, ongeza na tarehe. `InRelease` za security na za updates za Debian zina mwisho wa matumizi, takribani siku 7. Kivuko kikiahirishwa au mtu akikaa na laptopu wiki mbili, apt itakataa. Kwa safari hiyo moja tu:

```
sudo apt -o Acquire::Check-Valid-Until=false update
```

Usiiandike kwenye faili ya mipangilio, maana ukiiacha pale mtu anaweza kukulisha orodha ya zamani yenye mashimo yanayojulikana na apt ikanyamaza.

Na kama baada ya UPS, chrony na usafi wote huo `Hash Sum mismatch` inarudi bila umeme kukatika, usizunguke nayo kimya. Tafuta kwanza bugs.debian.org chini ya `apt-cacher-ng`. Isipokuwepo, tuma barua pepe kwa submit@bugs.debian.org, haihitaji akaunti. Mistari miwili ya kwanza ya barua iwe `Package: apt-cacher-ng` na `Version:` uliyoipata kwa `apt-cache policy`. Weka amri uliyotoa, kosa neno kwa neno, na mistari ya `/var/log/apt-cacher-ng/apt-cacher.err` ya dakika hiyohiyo. Ripoti hubaki hadharani pamoja na anwani yako ya barua pepe, kwa hiyo ondoa majina ya watumiaji na nywila kabla ya kutuma. Ukitaka msimamizi wa pakeji akujibu haraka, mwambie hatua zinazoleta kosa kwenye mashine mpya kabisa, si kwenye ya Nyegezi pekee.

Seva_Nyegezi

Nimeelewa. Naanza na patisheni ya GB 60 na UPS kwanza, kisha mashine 3 za majaribio kabla ya zote 38. Swali dogo la mwisho: mashine ya usiku ya Ubuntu na ya Debian zote kama mashine pepe kwenye seva hiyo ya GB 8, RAM inatosha?

igoma_eth0

Inatosha. Ipe kila moja GB 2, weka pakeji zilezile za watumiaji kama Dada alivyosema, ila eneo-kazi (desktop) usiliwashe. Kache yenyewe RAM inayokula ni ndogo. Ila zipishane: Debian 01:30, Ubuntu 02:30, ili zisigombanie 4G moja.