Naombeni ushauri: risachi ya mwaka wa mwisho juu ya maikro-RNA, nianzie wapi?

BintiWaJinja: Habari zenu wakubwa. Nasoma mambo ya maabara hapa Kampala, mwaka wa mwisho, na msimamizi wangu anataka mada wiki hii. Moyo wangu uko kwa maikro-RNA tangu wanasayansi Ambros na Ruvkun wapewe Nobel 2024 kwa kuzigundua, ila kuna kitu kinanikwamisha: wanasema maikro-RNA inapunguza protini, lakini DNA ni ile ile, jeni haijaguswa, sasa protini inapungua kivipi? Na hela ya kemikali sina. Niende tu malaria kama wenzangu?

MzeeWaMaabara: Usiache binti yangu. Jeni inanakiliwa kwanza kuwa RNA mjumbe, hiyo ndo inasomwa kutengeneza protini, na hapo ndo maikro-RNA inapoingilia. Ni kakipande ka RNA ka herufi kama 22, kanakatwa na kimeng'enya kinaitwa Drosha ndani ya kiini cha seli, kakitoka nje kanakatwa tena na kingine, Dicer, halafu kanabebwa na protini inaitwa Argonaute kwenda kutafuta RNA mjumbe ya kushikana nayo. Sasa shika hapa: kwa wanyama si lazima herufi zote zishikane, zinazoamua zaidi ni ya 2 mpaka ya 8. Saba tu! Ndo maana maikro-RNA moja inabana jeni nyingi. Ikishashika, usomaji unazorota na RNA mjumbe yenyewe inaharibiwa mapema. 1993 waliiona kwa mnyoo C. elegans, maikro-RNA lin-4 inaibana jeni lin-14, ikadhaniwa ni mambo ya minyoo mpaka 2000 ilipotokea maikro-RNA nyingine, let-7, ambayo hata sisi tunayo.

DadaWaWodi: Mdogo wangu chukua virusi vya EBV (Epstein-Barr). Daktari Burkitt aliandika juu ya uvimbe wa saratani kwenye taya za watoto 1958 akiwa hapa hapa hospitali ya Mulago, sampuli zikapelekwa London, na 1964 Epstein, Achong na Barr wakakuta kirusi ndani. Halafu 2004 EBV ikawa kirusi cha kwanza kukutwa na maikro-RNA zake chenyewe. Ndani ya uvimbe wa Burkitt kirusi kinanyamaza, protini zake karibu zote kimezima kimebaki na moja, EBNA1, lakini maikro-RNA zake za kundi la BART zinaendelea kutoka, na kinga ya mwili inatambua vipande vya protini, hizi haizioni. Wale watoto nawaona kila siku, naumia, tunahitaji watu wetu wenyewe kwenye hii kazi.

BintiWaJinja: Asante sana dada, nimesisimka. Hela sasa?

MzeeWaMaabara: Laptopu na bando. miRBase, hifadhi ya mtandaoni ya maikro-RNA, ni bure, chukua BART moja au mbili, usijibebeshe zote, angalia herufi za 2 mpaka 8 zinashikana wapi kwenye mkia wa RNA mjumbe za binadamu, linganisha na data za Burkitt zilizowekwa wazi. Ila usiandike "inazuia", andika "inatabiriwa kuzuia", maana herufi saba zinaweza kufanana kibahati tu na uthibitisho ni wa maabara. Hapo ndo watakubana siku ya kujitetea.

DadaWaWodi: Na uulize mapema kamati ya maadili ya chuo, hata data za wazi wengine wanataka barua.

BintiWaJinja: Naandika usiku huu. BART ipi sasa?

MzeeWaMaabara: BART5. Ilishaonyeshwa 2008 kwamba inaibana PUMA, protini inayosukuma seli ijiue. Isome hiyo kwanza uone shabaha inathibitishwaje, halafu ndo utafute zako.