Moyo unakwenda mbio ghafla, ECG inatoka safi

Swali: Wakuu, mgonjwa moyo unamwenda mbio dakika chache, kisha unatulia ghafla. ECG (kipimo cha umeme wa moyo) haina kasoro. Inatosha?

Jibu 1: Haitoshi, mkuu. ECG hurekodi takriban sekunde 10 tu. Avalishwe Holta (kifaa kinachorekodi mapigo ya moyo mfululizo) saa 24 hadi 48. Dalili zikija kwa nadra, kifaa cha wiki kadhaa. Apimwe pia damu: potasiamu, magnesiamu na thairoidi, na afanyiwe eko (ultrasound ya moyo).

Jibu 2: Kuanza na kukoma ghafla, mapigo yakiwa sawasawa 150–220 kwa dakika, huelekea SVT (moyo kwenda mbio kwa hitilafu ya umeme inayoanzia sehemu ya juu ya moyo). Ili kuituliza, akiwa ameketi nusu-mlalo apulize sirinji ya mililita 10 kwa sekunde 15, kisha alazwe chali mara moja, miguu iinuliwe nyuzi 45 kwa sekunde 15. Ikishindikana, hospitalini hupewa dawa ya adenosini miligramu 6 mshipani, ikisukumwa haraka na maji ya chumvi mililita 20. Ukisukuma polepole inavunjika kabla ya kufika moyoni.

Jibu 3: Naongeza: mapigo yasiyo na mpangilio kabisa, bila mawimbi ya P (alama ndogo kwenye ECG kabla ya kila pigo), ni mpapatiko wa atiria, yaani vyumba vya juu vya moyo. Hapo hofu ni damu kuganda na kuleta kiharusi, aspirini haitoshi. Akizimia au kifua kikiuma, ni dharura.